Ndevu za Mtarakwa: Jinsi ya Kuzitambua Laikeni za Misitu Yetu

Mtu apitaye chini ya mitarakwa na mipodo katika misitu ya Nyandarua au ya Mlima Kenya, mahali ambapo ukungu hushuka mara kwa mara, huona juu ya matawi kitu kama ndevu za mzee, chenye rangi iliyo kati ya kijivu na kijani, kikining'inia na kupepea. Akilitazama gome la mti huona mabaka: mengine meupe kama chokaa, mengine ya manjano kama bizari, na mengine yamekunjamana kama majani ya kabichi yaliyokauka. Wengi wetu hupita bila kuuliza. Na wachache wanaouliza huambiwa kwa kifupi, "Ni kuvu tu," au, "Mti huo ni mgonjwa."

Majibu hayo mawili yamepungukiwa. Vitu hivyo huitwa laikeni. Si kuvu tupu, si majani, wala si ugonjwa wa mti. Nia ya makala haya ni kumwonyesha msomaji njia ya kuzitambua kwa macho na vidole vyake mwenyewe, bila mashine yo yote, maana jambo hili lina faida kwa mwenye shamba kama lilivyo na faida kwa mtu apendaye elimu.

LAIKENI NI KITU GANI?

Laikeni ni viumbe viwili au zaidi vinavyoishi pamoja katika mwili mmoja. Wa kwanza ni kuvu, ambaye hujenga nyumba. Wa pili ni mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, wa aina ya ule ufanyao ukoga wa kijani katika mtungi wa maji. Kuvu hana uwezo wa kujipikia chakula. Mwani anao, maana hutumia mwanga wa jua kama majani ya mahindi yanavyofanya. Basi kuvu humfunika mwani asikauke kwa jua kali, na mwani humlisha kuvu. Katika laikeni nyingine mahali pa mwani hushikwa na bakteria wenye rangi ya samawati na kijani, na hao wana kipawa cha kuivuta naitrojini ya hewani na kuifanya mbolea, kama yafanyavyo maharagwe kwa msaada wa bakteria walio katika mizizi yake.

Mtu aliyeutangaza ushirika huu alikuwa Mswisi, Simon Schwendener, mwaka 1867. Wakubwa wengi wa elimu hiyo walimkataa kwa muda mrefu, wakiona ni jambo lisilowezekana kwamba kitu kilichokuwa na jina lake na umbo lake kiwe kwa kweli ni viumbe viwili. Hata hivyo neno lake lilithibitika. Na mwaka 2016 wataalamu walieleza kwamba katika ngozi ya laikeni nyingi yupo na mwenzi wa tatu, naye ni hamira ya aina yake. Kwa hiyo nyumba tuliyodhani ina wapangaji wawili yaweza kuwa na watatu.

MKULIMA ASIDANGANYIKE

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye mikahawa ya zamani. Anaona mashina yamejaa mabaka ya kijivu, na matawi kadhaa yamekauka. Jirani yake huja, akatikisa kichwa, akasema, "Bwana, mikahawa hii imeshikwa na ukoma. Ikwangue magome, au uing'oe kabisa." Mkulima huchukua panga, akakwangua mpaka gome likachubuka, na kwa jeraha hilo wadudu na magonjwa ya kweli huingia. Mti ambao haukuwa na neno sasa umepata neno.

Ukweli ni huu: laikeni haina mizizi iingiayo mtini kunyonya utomvu. Hulishikilia gome tu, kama picha iliyobandikwa ukutani. Maji yake hutoka katika mvua, umande na ukungu, na chakula chake katika mwanga. Basi kwa nini huonekana nyingi katika mti dhaifu? Kwa sababu mti dhaifu hupukutisha majani, na majani yakipungua, mwanga huingia, nayo laikeni hustawi. Laikeni haikuuleta udhaifu, iliukuta. Mwenye shamba na atazame mizizi, udongo, mbolea na upogoaji wake, wala asigombane na mpangaji asiye na hatia.

Lakini hapana budi kutofautisha, kwa maana mtini wako maadui wa kweli. Kirukia ni adui: kina majani mabichi manene na maua, na mzizi wake hupenya ndani ya mti. Kutu ya majani ya kahawa ni adui: huonekana kama unga wa rangi ya chungwa upande wa chini wa jani, kisha jani huanguka. Uyoga mgumu utokezao kama rafu kwenye shina mara nyingi ni ishara ya kuoza kwa ndani. Na ule ukoga laini wa kijani wenye vijani vidogo vingi, ufananao na zulia, ni mmea wa namna nyingine kabisa, nao pia haudhuru mti. Laikeni haina majani ya kweli, haina maua, na kwa kawaida inapokuwa kavu haina kijani kibichi cha nyasi.

MAKUNDI MATATU

Mwanafunzi wa laikeni huanza kwa swali moja: imeshikaje gome? Kwa jibu la swali hilo laikeni zote hugawanyika katika makundi matatu makubwa.

La kwanza ni za ukoko. Hizi zimeganda juu ya gome au jiwe kama ukoko wa wali chunguni. Huwezi kuibandua kwa ukucha bila kung'oa na gome.

La pili ni za majani. Hizi zimelala juu ya gome, lakini zina upande wa juu na upande wa chini, na waweza kuingiza ncha ya kisu chini yake na kuinua.

La tatu ni za ndevu au za vichaka. Hizi hushika mahali pamoja tu, kisha hutokeza nje au huning'inia kama nyuzi, kanda au vijiti.

Ukishajua kundi, nusu ya kazi imekwisha. Sasa tutazame kila kundi, tuanzie na lile lionekanalo kwa urahisi.

ZA NDEVU

Mashuhuri kuliko zote ni jamii iitwayo Usnea. Hizo ndizo ndevu tulizozitaja mwanzo. Jaribio lake ni rahisi, na halikosei mara nyingi. Chukua uzi mmoja uliolowa kidogo, uushike ncha mbili kwa vidole, uuvute taratibu. Ngozi ya nje itapasuka vipande vipande kama shanga, na katikati utaona uzi mweupe unaonyumbuka kama mpira. Uzi huo wa katikati ndio alama ya Usnea.

Ikiwa unachokishika ni ukanda bapa kama utepe, chenye rangi ya kijani kilichopauka pande zote mbili, wala hukuona uzi wa ndani, basi yaelekea umeshika Ramalina. Na ikiwa nyuzi zake ni za manjano au rangi ya chungwa, kama nyuzi za sufu zilizotiwa rangi, hiyo ni Teloschistes. Hii hung'aa zaidi mahali penye jua. Kivulini hupauka na kuelekea kijivu, kwa hiyo rangi peke yake isikudanganye.

Chini, juu ya kingo za udongo na magogo yaliyooza, utakuta jamii ya Cladonia. Huinua vijiti vifupi kutoka katika vigamba vidogo, na vijiti vingine vina kikombe juu yake, kama vile wadudu wamejiandalia karamu. Nyingine zina vichwa vyekundu kama kichwa cha kiberiti.

ZA MAJANI

Kundi hili lataka uvumilivu, kwa sababu siri yake iko chini. Mtu asiyegeuza laikeni ya majani ni kama karani asomaye bahasha bila kuifungua barua.

Jamii ya Parmotrema ina majani mapana, ya rangi ya majivu, nayo yaweza kupita ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Ukiigeuza, utaona katikati ni nyeusi na ina nyuzi fupi za kushikia gome, lakini ukingoni kuna eneo pana la hudhurungi lisilo na nyuzi. Aina nyingi zina vinyweleo vyeusi ukingoni, mfano wa kope za macho. Heterodermia nayo ni nyembamba, nyeupe-nyeupe, na matawi yake hugawanyika mara kwa mara. Aina zake nyingi zina nyuzi ndefu pembeni.

Sasa ingia ndani ya msitu wenye unyevu na kivuli. Huko ziko jamii ambazo wataalamu huzitazama kwa heshima. Lobaria ni kubwa, na juu yake imejaa matuta na mabonde kama mapafu ya mbuzi. Sticta, ukiigeuza, ni laini chini kama mahameli, na katika mahameli hayo kuna vishimo vidogo vya mviringo, vyenye ukingo safi kana kwamba vimetobolewa kwa sindano. Vishimo hivyo ndivyo alama yake, nayo huvutia hewa kwa njia hiyo. Pseudocyphellaria hufanana nayo, lakini badala ya vishimo ina nukta ndogo zilizoinuka, nyeupe au za manjano. Aina kadhaa za Sticta hutoa harufu ya samaki zikilowa. Basi pua nayo ni chombo cha kazi.

Leptogium ni nyembamba, ya rangi ya buluu na kijivu, kama karatasi ya kaboni iliyotumika sana ofisini. Ikinyeshewa huvimba na kuwa kama ute mzito. Hii, pamoja na Sticta nyingi na Lobaria kadhaa, ni miongoni mwa zile zenye bakteria wavutao naitrojini. Zikianguka na kuoza, huurutubisha udongo wa msitu bila mtu kununua gunia la mbolea.

ZA UKOKO

Kundi hili ni gumu, na aina nyingi hazitambulikani bila darubini. Hata hivyo ziko mbili tatu ambazo kila mtu aweza kuzijua. Graphis huwa na ukoko mweupe juu ya gome laini, na juu ya weupe huo kuna mistari mifupi myeusi, iliyopindapinda, kana kwamba mtu ameandika kwa wino. Mistari hiyo ndiyo mahali pa kuzalia mbegu za kuvu. Chrysothrix ni unga mtupu wa manjano makali, unaokaa katika nyufa za magome yasiyopigwa na mvua. Ukiugusa hushika kidoleni.

ALAMA ZA KUANGALIA

Baada ya kujua kundi na umbo, tazama mambo manne, uyaandike katika daftari.

Kwanza ni rangi, ikiwa kavu na ikiwa imelowa. Laikeni nyingi zenye mwani hugeuka kijani mara tu zinapotiwa maji, kwa kuwa ngozi ya juu huwa kama kioo na mwani wa ndani huonekana. Zile zenye bakteria hugeuka hudhurungi, au samawati iliyokoza, au nyeusi.

Pili ni vikombe. Katika laikeni nyingi mbegu za kuvu hutoka katika visahani vidogo vya mviringo. Andika rangi ya kisahani na rangi ya ukingo wake.

Tatu ni unga na vijidole. Laikeni nyingine hazitegemei mbegu. Hutoa unga laini, ambao kila punje yake ina kuvu na mwani pamoja, ukapeperushwa na upepo kwenda kuanza maisha mapya. Nyingine huota vijidole vidogo juu ya ngozi, ambavyo hukatika na kusafiri hivyo hivyo. Aina mbili zifananazo katika kila jambo zaweza kutofautishwa kwa hilo tu, kwamba hii ina unga na ile ina vijidole.

Nne ni upande wa chini: rangi, nyuzi, vishimo, nukta au mahameli.

Wataalamu huongeza jaribio la dawa. Mfano mmoja waweza kufanywa nyumbani. Parmotrema tinctorum ina vijidole juu yake na haina kope. Ukikwangua ngozi ya juu kidogo mpaka uone nyama nyeupe ya ndani, kisha ukatia tone dogo la dawa ya klorini ifuliayo nguo nyeupe, iwe mpya isiyopoteza nguvu, mahali hapo hugeuka pekundu mara moja. Fanya hivyo juu ya kipande kilichokwisha kuanguka, wala si mtini, na ulinde macho na nguo zako.

Vyombo vyote vinavyohitajiwa ni kioo cha kukuzia, kisu kidogo, chupa ya maji, daftari, na bahasha za karatasi. Usitumie mfuko wa plastiki, kwa maana humo laikeni huota ukungu na kuharibika. Juu ya bahasha andika tarehe, mahali, aina ya mti na mwinuko wa nchi. Chukua kidogo sana, hasa vilivyoanguka, na katika msitu wa Serikali omba ruhusa kwanza. Atakaye kuendelea na atafute kitabu cha T. D. V. Swinscow na Hildur Krog juu ya laikeni kubwa za Afrika ya Mashariki, kilichochapishwa London mwaka 1988. Swinscow alikuwa daktari wa watu kwa elimu yake, na Krog mwanamke wa Norway, mtaalamu wa mimea.

MARERE YA PWANI

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la wageni tu. Watu wa pwani walikuwa na jina lao, marere, kwa laikeni ya jamii ya Roccella iotayo juu ya miti na vichaka karibu na bahari. Katika karne ya 19 marere ilikusanywa na kuuzwa Unguja, ikapakiwa merikebuni kwenda Ulaya kufanyiwa rangi ya zambarau. Rangi hiyo haionekani katika laikeni yenyewe, ambayo ni ya kijivu. Hutokea baada ya kuilowesha siku nyingi katika maji yenye amonia. Kutoka kwa jamii hiyo hiyo ilipatikana na litimasi, ile dawa ya karatasi ambayo kila mwanafunzi wa sayansi ameiona ikigeuka nyekundu katika siki. Biashara hiyo ilififia baada ya wakemia kuvumbua rangi za viwandani, kazi iliyoanza mwaka 1856. Lakini wale waliokusanya marere walijua kuitofautisha na ndevu nyingine za mtini, kwa maana mnunuzi hakulipa fedha kwa isiyotoa rangi.

FAIDA YA KUZIJUA

Laikeni haina mizizi, na haina ngozi ya kuchagua cha kupokea. Hunywa kila kiletwacho na hewa na mvua, kizuri na kibaya. Kwa sababu hiyo, mwaka 1866 William Nylander aliandika kwamba laikeni zilizokuwamo katika bustani moja ya Paris hazikuonekana mahali pengine mjini, akazifanya kipimo cha hewa safi. La ajabu ni kwamba Nylander huyo alikuwa miongoni mwa waliompinga Schwendener vikali. Alikosea katika jambo moja, akawa mwalimu wa wote katika jingine. Tangu siku zile imejulikana kwamba moshi wenye salfa huua za ndevu kwanza, kisha za majani, na za ukoko huvumilia zaidi. Basi mwalimu na wanafunzi wake waweza kuihesabu miti ya karibu na kiwanda, na miti ya mbali nacho, wakapata habari za hewa wanayoivuta bila kununua mashine.

Viumbe vingine navyo vinazihitaji. Yule ndege mdogo wa rangi ya kutu, ambaye dume lake lina mkia mrefu, hupamba kiota chake kwa laikeni na utando wa buibui, hata kikafanana na tawi lenyewe. Na katika msitu wa Nyungwe, nchi ya Rwanda, makundi ya mbega yanayozidi 300 hula laikeni kama sehemu kubwa ya chakula chao.

Tena kuna jambo ambalo mwenye shoka na alifikiri. Laikeni hukua polepole mno. Za ukoko nyingi hazimalizi milimita moja au mbili kwa mwaka. Lobaria na Sticta hupenda miti mizee, kivuli na unyevu usiokatika. Mti mkubwa ukikatwa, twaweza kupanda mwingine wakati wa mvua, na baada ya miaka kadhaa tukasema msitu umerudi. Lakini gome la mti mchanga ni jipya, na kivuli chake ni haba. Wapangaji wa zamani hawarudi siku ile ile. Kwa hiyo atakayejua kusoma magome ataweza kutofautisha msitu wa kale na msitu uliopandwa juzi, hata kama kwa mbali yote miwili ni kijani.

Mwenye mikahawa, kwa upande wake, atapata faida iliyo karibu zaidi. Siku atakapoona mabaka ya kijivu juu ya shina, na ainue ukingo kwa ncha ya kisu. Akiona gome la chini ni zima, na laikeni imeachia bila kuacha jeraha, na airudishe panga nyumbani, aende kuchimba kidogo penye mizizi. Huko ndiko atakakopata sababu.